Holwei, Stono na Daraja la Mbuja

Hadithi hii ni ya uongo mtupu. Waliomo ndani yake ndio walioniomba niseme hivyo, na mmoja wao alikuja kuniomba akiwa na askari. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiona mahali panafanana na kwenu, jua macho yako yamechoka. Yaoshe, kisha uendelee.

Palikuwa na nchi iitwayo Tulivu, na rais wake aliitwa Mlezi wa Milele. Alianza kutawala wakati redio zikiwa kubwa kama makabati, na mpaka redio zimekuwa ndogo kama kiberiti bado yupo, hana haraka. Uchaguzi ulikuwepo, tusimsingizie mtu. Siku ya kura tulikuwa tunaamka, tunaoga, tunavaa vizuri, tukifika tunaambiwa tumeshapiga. Serikali iliona jinsi jua linavyotuchoma kwenye foleni, ikatuonea huruma, ikawa inatupigia yenyewe.

Tulikuwa pia na Sheria ya Kupumzisha Midomo. Sheria hiyo ilisema raia asizungumze siasa za nchini, kwa kuwa zilikwisha kuzungumzwa zote na hakuna iliyobaki. Na kosa kubwa kupita yote lilikuwa kugombea urais. Lilizidi hata kuchoma nyumba ya mtu naye yumo ndani. Mchomaji anaharibu nyumba moja tu, lakini mgombea anamharibia Mlezi wa Milele usingizi, na Mlezi asipolala vizuri nchi nzima inaamka na kichwa kinauma.

Lakini mdomo ukishazoea kusema haukubali kulala bure. Watu wakaanza kununa. Wataalamu wa serikali wakakaa kikao, wakagundua kwamba kununa nako ni maoni. Basi ikaundwa Wizara ya Siasa za Nje kwa Matumizi ya Ndani, na wananchi wa Tulivu tukapewa, bure kabisa, uchaguzi wa Marekani.

Tulipewa wote mzima, na mifupa yake. Ruhusa kusifu, ruhusa kutukana, ruhusa kuandamana mpaka sokoni na kurudi. Mwaka ule walikuwa wanashindana Bwana Holwei, mtu mrefu mwenye meno mengi, tajiri wa viwanda vya magodoro, na Bi Stono, hakimu wa zamani ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka hata kwenye picha. Kila aliyetimiza umri alitakiwa achague upande, ajiandikishe, apewe kofia.

Redio ya Taifa ilikuwa na kipindi chake, Marekani Yetu, kila siku baada ya matangazo ya vifo. Walikuwemo wachambuzi wawili. Bwana Mbaruku alikuwa wa Holwei na Bwana Tendwa alikuwa wa Stono. Holwei akikohoa jukwaani, Mbaruku alieleza kwamba hicho ni kikohozi cha mtu aliyechoka kwa kuwatetea wanyonge. Tendwa alisema hapana, hicho ni kikohozi cha mwongo, uongo umemkwama kooni. Kesho yake Stono naye akakohoa. Mbaruku akasema ni uongo umemkwama, na Tendwa akasema ni uchovu wa kutetea wanyonge, neno kwa neno, kama watu waliobadilishana kofia. Wala hawakuona haya. Na sisi tuliokuwa tunasikiliza hatukuona haya pia, tulipiga makofi kila mtu kwa wake.

Kijijini kwetu Mbuja mambo yalikolea. Watu ambao hawajawahi kuvuka wilaya walikuwa wanajua jimbo la Ohayo limelegea wapi na Pensilvania inavuja wapi. Ukiwauliza jina la diwani wao walinyamaza. Walikuwa wanalijua sana, ila kulitaja ilikuwa siasa ya ndani. Fundi cherehani Ngwali, mtu wa Holwei, aliwashonea watu wa Stono suruali zenye mguu mmoja mfupi. Nao watu wa Stono wakazivaa hivyo hivyo kwa majivuno, ikawa ndiyo alama yao, ukimwona mtu anachechemea unajua yuko upande gani.

Mimi nilikuwa wa Holwei. Sababu ni kwamba kwenye picha masikio yake yalifanana na ya marehemu mume wangu. Na Chiku alikuwa wa Stono. Sababu ni kwamba mimi nilikuwa wa Holwei.

Chiku ni mke mwenzangu. Mume ametuachia nyumba moja yenye milango miwili, na tangu amezikwa kila mmoja anatumia mlango wake. Kilichotuunganisha ni Zena. Kwa damu ni mjukuu wa Chiku, lakini amelelewa upande wangu, kwa hiyo akifanya vizuri ni wa kwangu na akivunja sahani ni wa kwa Chiku.

Sasa nieleze habari ya daraja.

Mbuja iko upande huu wa mto, na hospitali ya wilaya iko upande ule. Katikati kuna daraja. Nasema kuna kwa sababu kibao kinasema kuna. Lilizinduliwa mara tatu. Kwanza waliweka jiwe. Kisha wakaja kukata utepe. Halafu wakaja tena kuadhimisha kumbukumbu ya ule utepe. Kasoro yake ilikuwa moja tu, halikuwa limejengwa. Shuleni watoto walifundishwa urefu wake, na aliyekosea kwenye mtihani alichapwa. Ng'ombe peke yao ndio waliokuwa hawajaarifiwa, wakaendelea kupita majini.

Kiangazi nasi tulipita na ng'ombe. Masika mto ukijaa, tulivuka kwa mpira wa ndani wa tairi la lori. Unalala kifudifudi juu ya mpira, wanaume wanauvuta kwa kamba. Ni usafiri mzuri kwa mtu mwenye afya. Lakini mja mzito hawezi kulala kifudifudi.

Masika ya mwaka uliotangulia Zena alishikwa na uchungu mto umefura. Tulikaa naye ukingoni, Chiku na mimi, chini ya kile kibao, tukingoja maji yapungue. Maji yalipungua. Mtoto hakungoja. Hapo sina cha kuchekesha, naomba mnipishe nipite.

Mumewe, Shomari, alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akauliza, kwa adabu, daraja liko wapi. Alipelekwa Chuo cha Shukrani. Aliporudi alikuwa na cheti, na alikuwa amepona kabisa tabia ya kuuliza. Akikalia kiti anakishukuru. Akijikwaa analishukuru jiwe. Usiku Zena alimsikia akiishukuru neti kwa tundu zake.

Na mwaka ule ninaousimulia, mwaka wa Holwei na Stono, Zena alikuwa mzito tena. Nikahesabu kwa vidole vyangu, Chiku naye akahesabu kwa vyake upande wa mlango wake, na wote tukafikia jibu lile lile. Atajifungua masika.

Siku moja nilikuwa bombani nachota maji, Chiku akaja na kofia yake ya Stono juu ya ushungi. Akaanza kama kawaida yake.

"Huyo Holwei wako," akasema, "nasikia huko kwao alikata utepe wa daraja, na daraja lenyewe hakujenga."

Nilifungua kinywa nimwambie Stono wake ndiye aliyekula saruji. Nikakifunga. Nikamtazama Chiku. Alikuwa ametazama upande wa mto.

"Umeyasikia wapi hayo?" nikamuuliza.

"Redioni," akasema. "Nilipokuwa nimeizima."

Tangu mume wetu afariki, hiyo ndiyo siku ya kwanza tuliyorudi kutoka bombani njia moja.

Hapa lazima nieleze desturi moja, maana si kila anayesoma ametoka kwetu. Mbuja mwanamke hamgombezi mtu kwa jina. Anamwimbia. Anasimama kwenye ngoma anaipasha hewa, anamsema paka, anamsema mwezi, anamsema mtu wa nchi ya mbali. Na wewe uliyekusudiwa kazi yako ni moja, kukaa. Tafuna tambuu, jipepee, tabasamu. Ukiinuka, umelivaa neno hilo kama shati lako. Ukijibu, umelifunga na vifungo. Mtoto wa kike anafundishwa kukaa kabla hajafundishwa kupika wali. Hata wanaume wetu wanajua. Nimeshuhudia bwana mmoja akiimbiwa habari zake na mke wa jirani, naye akatulia, akaomba wimbo urudiwe.

Lakini Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Daktari Sufiani Ngwelu, alikulia mji mkuu, akaenda kusomea ng'ambo. Huko alifundishwa kila kitu isipokuwa kukaa.

Kila mwaka, kabla ya mvua, ilikuwepo Siku ya Daraja. Mheshimiwa anakuja, turubai linafungwa ukingoni, Redio ya Taifa inatangaza moja kwa moja. Mwaka ule Wizara iliagiza kwamba burudani iwe ya kambi mbili za Marekani, kina mama wa Holwei na kina mama wa Stono, ili wakubwa waone tunavyofaidi uhuru.

Mheshimiwa alihutubia kwanza. Alikuwa na sauti nzuri, haki yake nampa.

"Ndugu wananchi," akasema, "wako watu wenye fikra fupi wanaodhani daraja ni mbao. Wengine wanadhani daraja ni saruji. Hapana. Daraja ni hali ya moyo. Mimi nikisimama hapa nikatazama ng'ambo, moyoni nimeshavuka."

Tukampigia makofi. Zena alikuwa amekaa mbele, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kwa kuwa ilikuwa imevimba. Mheshimiwa akamwona, akampungia mkono, akasema mama kijacho huyu naye atavuka kwa moyo.

Nadhani bila maneno hayo Chiku angeimba kwa woga. Baada ya maneno hayo aliinuka kama mwenye miaka ishirini, akarekebisha kofia ya Stono, akawageukia wanawake wake, ngoma ikapigwa.

*Holwei kule Ohayo, utepe ameukata,*
*Mkasi wameremeta, na makofi akapata,*
*Daraja bado ni hewa, wapitao wanatota.*

Kwa kweli nilikasirika kwa ajili ya Holwei. Desturi ni kwamba mgombea wako akisemwa unajibu na mgombea wake. Nikasimama na wangu.

*Na Stono naye jamani, saruji kaibugia,*
*Ghorofa yake mjini, kwa mbali yachungulia,*
*Wazazi wapo mtoni, uchungu wawafikia.*

Niseme tu, ili msomaji asipotee, kwamba ng'ambo ya mto, juu ya kilima cha mjini, palikuwa na ghorofa mpya ya rangi ya waridi. Unaiona vizuri ukiwa majini. Ya nani, mimi sijui. Nilichoona ni kwamba tulipofika kwenye neno ghorofa, umati mzima ulikuwa unanitazama mimi kwa heshima, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuelekea kilimani. Watu wa Mbuja wana malezi.

Mheshimiwa Ngwelu akainuka.

Mkeka mzima ulivuta pumzi. Nilimwonea huruma, nilitaka nimwambie kaa, mwanangu, tafuna kitu. Lakini alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti.

"Ile nyumba nimeijenga kwa jasho langu," akasema. "Saruji ya daraja ilikuwa mbovu, isingefaa kwa daraja, ndiyo maana ilihamishiwa kwenye matumizi mengine."

Hakuna aliyecheka. Kina mama walijipepea. Mtangazaji wa redio, kijana mpole, akawaambia wasikilizaji wa nchi nzima kwamba Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ametoa ufafanuzi kuhusu saruji ya Bi Stono.

Chiku na mimi tulikamatwa kabla pilau haijapakuliwa. Hilo ndilo lililoniuma.

Tulipelekwa ofisini kwa Mheshimiwa, na maelezo akaandika Koplo Ndile, kijana wa hapa hapa, mtu wa Stono mpaka kwenye kucha, mguu wa suruali yake ya kiraia ni mfupi. Akaweka karatasi mezani akauliza mlalamikaji ni nani. Mheshimiwa akasema ni yeye. Akauliza aliyetukanwa ni nani. Mheshimiwa akasema ni yeye vilevile.

"Lakini aliyetajwa kwenye wimbo ni Stono, Mheshimiwa," akasema Koplo. "Na mimi kama mtu wa Stono nimeumia sana. Stono hajala saruji ya mtu. Mchambuzi Tendwa ameshalieleza hilo."

"Stono aliyeimbwa ni mimi," akasema Mheshimiwa.

Koplo akaweka kalamu chini taratibu, akainuka, akasimama mkakamavu kama anavyosimama mtu mbele ya bomu.

"Mheshimiwa anagombea urais?"

Nikamwona Mheshimiwa Ngwelu anabadilika rangi. Kosa la kugombea si la mchezo, na madirisha ya ofisi ile yalikuwa wazi.

"Sigombei. Nani kasema nagombea? Andika mimi si Stono."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimeandika, Mheshimiwa si Stono. Basi aliyetukanwa ni nani?"

"Aliyekula saruji."

"Ambaye ni nani?"

Mheshimiwa akatutazama sisi. Chiku alikuwa anachezea pindo la kanga yake. Mimi nikaona nimsaidie, maana ni kijana wa watu na mama yake huko aliko angependa asaidiwe.

"Baba," nikamwambia, "sisi tulikuwa tunagombana na Wamarekani wetu. Kama kuna neno limekudondokea wewe, tuonyeshe limekudondokea wapi, tulifute."

Alitafuta. Naapa alitafuta kweli, midomo inacheza bila sauti, akiupitia wimbo mstari kwa mstari, na kila mstari alioushika ulikuwa na mahali pa kumchoma. Mwisho akasema tutoke. Koplo Ndile akatusindikiza mpaka nje, akaninong'oneza kwamba hata kama mimi ni wa Holwei, ule ubeti wa ghorofa ulikuwa na mizani nzuri.

Tungeishia hapo. Lakini redio ilikuwa imeshatangaza, na nchi ya Tulivu haikuwa na mto mmoja tu. Kabla ya Ijumaa wimbo wa Holwei na Stono ulikuwa umefika mikoa yote. Huko Makole waliimba kwamba Holwei amefukia visima. Huko Sindeni waliimba kwamba Stono amefunga shule akafugia kuku. Kambi mbili zilitukanana kwa nguvu ambayo haijawahi kuonekana, na jambo la ajabu ni kwamba kila kambi iliondoka imefurahishwa na matusi ya mwenzake. Wachambuzi Mbaruku na Tendwa walichanganyikiwa. Walipekua magazeti ya Marekani wakitafuta ni lini Stono alifuga kuku.

Akaja Waziri wa Siasa za Nje kwa Matumizi ya Ndani, mwenyewe, na msafara. Alikuja mpaka ukingoni, akasimama, akatazama kibao, akatazama maji, akatazama kilima. Viatu vyake vilikuwa vinaingia maji. Akafanya kikao hapo hapo na wakubwa wenzake, nasi tukasogea karibu kwa kuwa hakuna aliyetuambia tusisogee.

Hoja ilikuwa ngumu. Wakiupiga marufuku wimbo, wamekiri unawahusu. Wakimfunga mtu, itabidi wataje ni nani aliyesemwa. Wakifuta uchaguzi wa Marekani, watu watarudi kununa. Waziri akasugua paji la uso wake muda mrefu.

"Wimbo unasema daraja ni hewa," akasema mwishoni. "Daraja likiwepo, basi wimbo si wa kwetu. Ni wa Wamarekani, wahangaike nao wenyewe. Jengeni."

Wakajenga. Walikuja wanajeshi, wakaja wafungwa, wakaja na mafundi waliokuwa wameambiwa kwamba wanajenga ushahidi, si daraja, na kwa hiyo uwe imara. Ile ghorofa ya waridi ikawa inapungua kila tukiitazama. Kwanza liliondoka paa, kisha dirisha, halafu ghorofa ya juu yote ikashuka kilimani kwa malori. Nguzo mbili za daraja letu zina rangi ya waridi mpaka leo, na wageni hutuuliza kama ni urembo. Mheshimiwa Ngwelu hakuadhibiwa, Tulivu si nchi ya kuadhibu wakubwa. Alipandishwa cheo, akawa Mkuu wa Chuo cha Shukrani. Nasikia darasa la kwanza analifundisha yeye mwenyewe, kuhusu kukaa.

Masika yakaingia. Daraja likakamilika siku ya mvua ya kwanza. Na hapo ndipo palipozuka balaa jingine.

Kulikuwa na amri kwamba mtu asipite kabla Mlezi wa Milele hajaja kukata utepe. Utepe ukafungwa upande huu, mwekundu, wa karatasi za kung'aa, na askari akawekwa. Lakini Mlezi wa Milele alikuwa na mafua. Siku zikaenda, mto ukafura, ule mpira wa tairi ukachukuliwa na maji. Zamani tulikuwa na utepe uliokatwa na daraja hakuna. Sasa daraja tulikuwa nalo, na utepe ulikuwa haujakatwa. Zena akashikwa na uchungu mchana wa mvua kubwa.

Tulimleta mpaka pale, Shomari amemshika huku, Chiku na mimi tumemshika huku. Askari alikuwa kijana wa mbali, maji yanamchuruzika puani. Alisema hana ruhusa. Akasema hivyo bila kututazama. Shomari akamshukuru, kwa mazoea. Chiku akamwuliza kama ana mama. Akasema anaye, na kwamba ndiye anayetumiwa sehemu ya mshahara huu. Mimi nikatafuta wimbo wa kumpasha, naapa nilitafuta, lakini yule kijana niliyemwona pale hakuwa na cha kuimbiwa. Alikuwa amelowa kama sisi. Nikatazama kile kibao, nikatazama maji, nikakumbuka tulivyokaa pale mara ya kwanza.

"Bibi," akasema Zena, "siketi hapa tena."

Hakumwambia askari, alituambia sisi. Akapiga hatua. Hatua ya pili uchungu ukamkamata, akayumba, akanyoosha mkono ashike chochote kilicho karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa utepe. Akaushika kama mwanamke mwenye uchungu anavyoshika. Karatasi iliyolowa haina ubishi. Ukakatika.

Tukasimama wote. Mvua ikanyesha. Askari akautazama ule utepe chini kwenye tope, akamtazama Zena, kisha akanyoosha mgongo, akapiga saluti, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kufanya utepe unapokatwa.

Basi, msomaji, daraja la Mbuja lilizinduliwa na Zena binti Athumani, hotuba yake ilikuwa fupi na siwezi kuiandika hapa, na wageni waalikwa tulikuwa Chiku, Shomari na mimi. Tulivuka. Nilikuwa nahesabu mbao kwa miguu, sikuamini hata moja mpaka niikanyage.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na sauti ya kuuza samaki. Shomari alipoletewa alifungua kinywa ashukuru kama alivyozoea, neno likakataa kutoka, akalia tu mpaka cheti chake cha Chuo kikalowa mfukoni. Tangu siku hiyo amepona kupona kwake. Juzi amejikwaa akalitukana jiwe.

Kesho yake ulifungwa utepe mwingine, na Mlezi wa Milele alipopona alikuja akaukata. Kibao kipya kimewekwa, kinasema daraja hili limejengwa kwa mpango wa siku nyingi wala halihusiani na wimbo wowote. Na uchaguzi wa Marekani, uliokwisha huko kwao tangu Novemba, kwetu Wizara iliumaliza katika wiki hizo. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba Holwei ameshinda na Stono ameshinda. Habari za mtu kushindwa akafungasha vitu vyake akaondoka zilionekana hazifai kwa wasikilizaji wa Tulivu, zingeweza kuwashtua wazee.

Nimebakiza jambo moja dogo. Hospitali tuliikuta, na daktari tulimkuta, na mkunga alikuwa mwanamke mwenye mikono mizuri. Ila Zena alijifungulia sakafuni, juu ya kanga yangu na ya Chiku. Wodi nzima haikuwa na kitanda, ilikuwa na kibao ukutani kinachoshukuru kwa vitanda. Tulikuwa tumekaa pale chini, Chiku amempakata mtoto, amemshika kama mtu ambaye hatampa mwingine leo wala kesho.

"Huyo Holwei wako," akasema polepole asimwamshe, "vitanda kavipeleka wapi?"

Nikamwambia Holwei amekwisha, ameshinda, uchaguzi umefungwa, tungoje miaka. Kisha nikatoka nje nikamtafuta Koplo Ndile, aliyekuja kuona mtoto, nikamwuliza, kwa kutaka kujua tu, kama huko Marekani hawana uchaguzi mwingine wa karibu. Koplo akafurahi, akasema upo, wa maseneta, unaanza mapema sana, na tena wako wengi.

Chiku amechukua seneta wa Ohayo. Mimi nimebaki na wa Pensilvania. Sura yake siijui na jina lake bado nalijifunza kulitamka, lakini nimeshasikia ameiba vitanda.